Saratani inayofuata ukoo: yaliyosomwa katika familia za China

Saratani ikirudi katika nyumba moja mara ya tatu, majirani huanza kunong'ona. Mmoja atasema ni laana ya babu, mwingine atamtazama mkaza mwana kwa jicho baya, na wa tatu ataacha kula katika nyumba hiyo akidhani ugonjwa huo unaambukiza. Wahudumu wa afya ya jamii wanayajua sana maneno haya. Kwa sehemu ndogo ya familia za aina hiyo jibu la kweli lipo, nalo ni la kurithi: takriban wagonjwa 5 hadi 10 kati ya kila 100 wa saratani walipokea hitilafu ya jeni kutoka kwa mzazi. Nyingi za jeni hizo zina kazi moja mwilini, kukarabati DNA.

Mengi yaliyojulikana mwanzoni kuhusu jeni za ukarabati yalitoka Ulaya na Marekani. Madaktari wa China walipoanza kuzitafuta hitilafu hizohizo kwa wagonjwa wao, nyingi hawakuzikuta. Walikuta nyingine. Habari ya namna walivyozipata inamfaa mwananchi wa Kenya, kwa kuwa Afrika leo inafanana na China ya miaka 30 iliyopita: orodha za vipimo bado zinategemea zaidi damu ya watu wa mabara mengine.

Karani na nakala zake

Kila seli ya mwili hubeba maandishi ya DNA, ambayo magazeti huyaita pia msimbojeni. Ni herufi takriban bilioni 3 kutoka kwa baba na nyingine kama hizo kutoka kwa mama, zote zikiandikwa kwa alfabeti ya herufi nne tu: A, T, G na C. Seli ikitaka kugawanyika huyanakili maandishi yote, toka mwanzo hadi mwisho.

Mtu amfikirie karani wa ofisi ya ardhi anayenakili daftari zima la hati kwa mkono. Hata awe makini vipi, mahali fulani atakosea namba ya ploti. Ndiyo maana pembeni yake huwekwa karani wa pili, anayesoma nakala huku ameshika daftari la asili, na akiona kosa hulifuta na kuliandika upya. Mwilini, kazi ya karani huyu wa pili hufanywa na jeni kama MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2.

Kisha kuna uharibifu unaotokea hata bila kunakili. Jua, moshi wa sigara, pombe, na hata maji na oksijeni iliyomo mwilini huichokoa DNA mchana na usiku, mara maelfu kwa siku katika kila seli. Mwanasayansi wa Sweden, Tomas Lindahl, ndiye aliyeonyesha kwamba DNA huoza yenyewe kwa kasi ambayo ingefanya uhai usiwezekane kama kusingekuwa na mafundi wa kuitengeneza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Paul Modrich, aliyeeleza kazi ya karani wa pili, na Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki, aliyeeleza jinsi seli inavyotengeneza madhara ya miale ya jua.

Uharibifu mbaya kuliko wote ni uzi wa DNA kukatika kabisa, pande zote mbili. Hapo huitwa kikosi cha BRCA1 na BRCA2, pamoja na wasaidizi wao PALB2 na RAD51D. Kikosi hiki huchukua nakala pacha iliyo nzima, huiweka kando ya iliyokatika, na kushona palipoachana kwa kufuata herufi moja moja. ATM na CHEK2 ni wapiga kengele: hutangaza kwamba kuna mkatiko na kuizuia seli isiendelee kugawanyika kabla mafundi hawajamaliza.

Kila mtu ana nakala mbili za kila moja ya jeni hizi, moja ya baba na moja ya mama. Anayezaliwa na nakala moja mbovu bado ana nzima moja, na nzima hiyo inatosha kwa kazi. Shida yake ni kwamba anasafiri bila tairi ya akiba. Siku nakala iliyobaki itakapoharibika katika seli moja tu ya utumbo au ya titi, seli hiyo itaendelea kugawanyika huku makosa yakirundikana bila wa kuyasahihisha. Kwa hiyo mtoto harithi saratani yenyewe. Anachorithi ni kukosa akiba, na kila mtoto, awe msichana au mvulana, ana nafasi nusu kwa nusu ya kukipokea.

Herufi nne za Guangdong

Katika miaka ya 1990 madaktari wa Hong Kong walishtushwa na idadi ya vijana waliougua saratani ya utumbo mpana. Ugonjwa huo hujulikana zaidi kuwa wa wazee. Walipozipima saratani za vijana hao, nyingi zilikuwa na alama ya karani wa pili kutokuwepo kazini: makosa madogo madogo ya kunakili yaliyotapakaa kila mahali. Sajili ya familia zenye saratani ya kurithi ya tumbo na utumbo ilianzishwa, na kila mgonjwa aliulizwa habari za wazazi, ndugu, na wazazi wa wazazi.

Sajili hiyo ilianza kuonyesha jambo la ajabu. Katika familia moja, hitilafu ilikuwa ndani ya MSH2: herufi nne, AATG, hazikuwepo. Familia nyingine isiyo na udugu wowote na ile ya kwanza ilikosa herufi nne zilezile, mahali palepale. Halafu nyingine, na nyingine. Kufikia mwaka 2004 familia 10 zilikuwa zimechunguzwa kwa kina, na ripoti ikatolewa: upungufu huo mmoja ulichangia asilimia 21 ya hitilafu zote za jeni za karani wa pili zilizopatikana katika sajili, na haukuwa umeripotiwa katika watu wa taifa lingine lolote.

Watafiti waliangalia pia maandishi yaliyo kulia na kushoto kwa upungufu huo. Familia zote 10 zilikuwa na maandishi ya jirani yanayofanana. Maana yake ni kwamba hawakukosa herufi hizo kila mmoja kwa bahati yake. Walizikosa kutoka kwa mtu mmoja. Zote 10 zilitokea mkoa wa Guangdong, ambao Hong Kong ilikuwa sehemu yake zamani, na makadirio yaliweka umri wa kosa hilo kati ya vizazi 22 na 103.

Mtu huyo hana jina wala kaburi linalojulikana. Pengine aliishi miaka 600 iliyopita, pengine 2,000. Alizaa, watoto wake wakazaa, na kwa kuwa saratani hii kwa kawaida huja baada ya mtu kuwa tayari na watoto, kosa lilipokezwa kabla ugonjwa haujajitokeza. Wanasayansi humwita mtu wa aina hiyo mwanzilishi, na kosa lake huitwa hitilafu ya mwanzilishi. Mfano wake ni barua ya ukoo iliyonakiliwa mara nyingi: mnakili wa kwanza akiandika jina vibaya, nakala zote za baadaye zitakuwa na jina bovu, na kwa ubovu huohuo mtu anaweza kutambua zimetoka kwa nani.

Katika karne ya 19 na ya 20, watu wengi wa Guangdong na Hong Kong walipanda meli kwenda kutafuta riziki Kusini-Mashariki mwa Asia, Marekani na kwingineko. Herufi nne zilisafiri nao, au kwa usahihi zaidi, nafasi iliyo wazi ya herufi hizo ilisafiri nao. Daktari anayempokea mgonjwa mwenye asili ya Guangdong katika mji wowote wa dunia ana sababu ya kuangalia hapo kwanza. Kipimo cha kutafuta kosa moja linalojulikana mahali lilipo ni rahisi na cha bei nafuu kuliko kusoma jeni nzima.

Hali ya kuzaliwa na karani wa pili mbovu huitwa ugonjwa wa Lynch, kwa jina la daktari Mmarekani Henry Lynch aliyezifuata familia hizi kwa miaka mingi wakati wenzake wengi hawakuamini kwamba saratani inaweza kurithiwa. Kati ya watu 10 wenye hitilafu ya MSH2, wanne au watano hupata saratani ya utumbo mpana wasipofuatiliwa, na kwa wanawake hatari ya saratani ya mji wa mimba hukaribia kiwango hichohicho. Ufuatiliaji wenyewe unajulikana: kolonoskopi, yaani kutazama utumbo kwa kamera, kuanzia umri wa miaka 20 hadi 25, kila mwaka mmoja au miwili, na kukata kila kiuvimbe kabla hakijageuka. Utafiti wa kimataifa uliowapa watu wenye hali hii aspirini kila siku kwa miaka miwili au zaidi ulionyesha kwamba saratani ya utumbo ilipungua miaka kadhaa baadaye. Hilo lisimfanye mtu aende dukani kununua aspirini: dawa hiyo hutoboa vidonda na kuvujisha damu, na hutolewa kwa ushauri wa daktari kwa aliyethibitishwa kuwa na hitilafu.

Familia ambayo kipimo hakikuona kitu

Hong Kong palikuwa na familia nyingine iliyowasumbua madaktari. Dalili zote za ugonjwa wa Lynch zilikuwepo, ndugu watatu wakiwa wameugua saratani ya utumbo au ya mji wa mimba wakiwa na umri mdogo. MSH2 ilikuwa haifanyi kazi katika saratani zao. Lakini jeni hiyo iliposomwa herufi kwa herufi, haikuwa na kosa lolote.

Mwaka 2006 watafiti walieleza walichokiona: maandishi ya MSH2 yalikuwa sahihi, ila jeni yenyewe ilikuwa imezimwa, kama kitabu kilichofungwa kwa gundi. Na kufungwa huko kulionekana katika vizazi vitatu mfululizo. Hapo wataalamu walichanganyikiwa kidogo, kwa sababu alama za aina hiyo kwa kawaida hufutwa wakati yai na mbegu za uzazi zinapotengenezwa. Iweje zirithiwe?

Jibu lilikuja mwaka 2009, na halikuwa ndani ya MSH2. Lilikuwa kwa jirani. Kabla ya MSH2 kuna jeni nyingine iitwayo EPCAM, na uchunguzi wa familia za Uholanzi na za China zenye hali hii ulionyesha kwamba mkia wa EPCAM ulikuwa umekatika. Mkia huo ndio wenye alama ya kituo, inayoiambia seli iache kusoma. Bila alama, usomaji uliendelea moja kwa moja ukaingia katika MSH2 na kuifunga. Kama matatu isiyo na breki inayopita steji yake na kuziba lango la duka la mbele, duka lenyewe halina ubaya wowote, ila hakuna mteja anayeweza kuingia.

Leo kipimo kamili cha ugonjwa wa Lynch huangalia pia mkia wa EPCAM, popote duniani. Kabla ya mwaka 2009, mtu wa familia kama hiyo angeweza kupewa karatasi isemayo hakuna hitilafu iliyoonekana, akaenda nyumbani akidhani amepona hofu. Karatasi hiyo ilisema kweli. Haikusema kwamba walioitengeneza hawakujua pa kutazama.

Matiti: orodha ya watu wengine

Kwa saratani ya matiti na ya ovari, kisa kilianza mbali na China. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha sehemu ya DNA ilipo BRCA1, na kufikia mwaka 1995 jeni zote mbili, BRCA1 na BRCA2, zilikuwa zimepatikana. Muda mfupi baadaye iligunduliwa kwamba miongoni mwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki, takriban mtu 1 kati ya 40 ana hitilafu moja kati ya tatu za mwanzilishi. Tatu tu. Kipimo chao kikawa rahisi sana, na mfano huo ukavutia: tafuta makosa machache ya taifa fulani, upime watu wengi.

China haikuwa hivyo. Hitilafu zile tatu si za kwao. Hitilafu ya CHEK2 inayopatikana sana Ulaya ya Kaskazini, na ambayo huwekwa katika vipimo vingi vya huko, karibu haipo kabisa kwa Wachina. Badala yake wana za kwao: kuna ya BRCA1 ya mwanzilishi miongoni mwa watu wa Han, kuna za BRCA2 zinazojirudia Hong Kong na kusini, na kuna ya RAD51D, herufi mbili zilizorudiwa pasipotakiwa, ambayo imeonekana tena na tena kwa wagonjwa Wachina wa saratani ya ovari na ya matiti. Mwanamke wa Guangzhou aliyepimwa kwa orodha ya Ulaya angeambiwa hana kitu.

Kulikuwa na kikwazo kingine, cha siasa zaidi ya sayansi. Kwa kawaida daktari humshuku mgonjwa kuwa na hitilafu ya kurithi akisikia kwamba mama na mama mdogo wake pia waliugua. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 hadi 2015 serikali ya China iliweka sera ya mtoto mmoja kwa kila familia. Msichana aliyezaliwa wakati huo mara nyingi hana dada wala kaka, na binti yake hana shangazi wala mama mdogo. Hitilafu ikipitia kwa baba, ambaye yeye mwenyewe haelekei kuugua matiti, basi hakuna mtu wa kuionyesha. Familia inaonekana safi. Kenya, yenye mashangazi na binamu wa kutosha, ina nafasi ya kuona kile ambacho familia ndogo za Beijing zinakificha bila kutaka, ingawa hapa kikwazo huwa kingine: nyanya aliyefariki mwaka 1978 "kwa tumbo", bila karatasi yoyote.

Madaktari wa hospitali ya saratani ya Chuo Kikuu cha Peking waliamua kutosubiri historia ya familia. Waliwapima wagonjwa 8,085 wa saratani ya matiti bila kuwachagua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 9.2 kati ya kila 100 walikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni moja au nyingine. Waliokuwa na hitilafu za BRCA1 na BRCA2 peke yake walikuwa 5.3 kati ya 100, na za BRCA2 zilizidi za BRCA1 karibu mara mbili. Utafiti mwingine ulihesabu watu wa kawaida, si wagonjwa, ukapata takriban mtu 1 kati ya 265 wa Han mwenye hitilafu ya BRCA. Idadi hiyo inaonekana ndogo ikilinganishwa na 1 kati ya 40. Katika nchi yenye watu wengi kama China, ni takriban watu milioni 5.

Msomaji aitazame 9.2 kwa upande wa pili pia. Zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hawakuwa na hitilafu yoyote iliyoonekana. Mwanamke anayeugua saratani ya matiti, China au Kenya, kwa kawaida hakuirithi kwa mtu.

Hata hatari yenyewe haikulingana. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017, uliotegemea zaidi familia zenye asili ya Ulaya, ulikadiria kwamba mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa asilimia 72 kupata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80, na mwenye BRCA2 asilimia 69. Hesabu ya wanawake wa China, iliyofanywa hadi umri wa miaka 70, ilitoa takriban asilimia 38 na 37. Sehemu ya tofauti hiyo ni ule umri wa kuhesabia. Sehemu nyingine ni kwamba saratani ya matiti kwa jumla imekuwa ikipatikana kidogo zaidi China kuliko Ulaya, kwa sababu za uzazi, chakula na maisha. Mwanamke wa Shanghai anayefikiria kukatwa matiti kwa ajili ya kujikinga anahitaji namba yake mwenyewe, wala si ya mwanamke wa London, kabla hajalala kwenye meza ya upasuaji.

Kujua jeni kunasaidia pia baada ya ugonjwa kuja. Seli ya saratani iliyopoteza BRCA haiwezi kushona mikatiko vizuri, kwa hiyo huishi kwa kutegemea njia nyingine ya ukarabati. Dawa iitwayo olaparibu huiziba njia hiyo ya pili. Seli ya kawaida, ambayo bado ina BRCA, hustahimili; ya saratani hukosa pa kutokea na kufa. China iliidhinisha dawa hii mwaka 2018 kwa saratani ya ovari. Bei yake bado ni mzigo katika nchi nyingi.

Umio, China na Bonde la Ufa

Kuna saratani moja inayozileta China na Kenya meza moja. Ni ya umio, ambayo wengi hapa huiita ya koo: chakula kinakwama, ugali haushuki, na mgonjwa hufika hospitali akiwa amekonda sana. Eneo la Linxian katika mkoa wa Henan limejulikana kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa maeneo yenye saratani hii kwa wingi zaidi duniani. Upande wa Afrika, kuna ukanda wake unaoanzia Ethiopia kwenda hadi Afrika Kusini, na magharibi mwa Kenya pamoja na Bonde la Ufa vimo ndani yake.

Mwaka 2020 watafiti waliripoti kwamba hitilafu za kurithi zinazoiharibu BRCA2 zilionekana zaidi kwa wagonjwa Wachina wa umio kuliko kwa watu wasio na ugonjwa. Hilo linaeleweka ukizingatia badiliko jingine lililoenea sana Mashariki ya Asia, la jeni iitwayo ALDH2. Pombe ikiingia mwilini hugeuka kuwa sumu iitwayo asetaldehidi, na ALDH2 ndiyo huiondoa. Kwa watu wengi wa Mashariki ya Asia, theluthi moja au zaidi katika baadhi ya maeneo, jeni hiyo ni dhaifu: mtu akinywa glasi moja uso hugeuka mwekundu. Sumu ikikaa, hugandisha nyuzi za DNA pamoja, na miongoni mwa mafundi wanaozitenganisha ni BRCA2.

Mkenya karibu hana badiliko hilo la ALDH2, na hivyo kipimo chake hakingemweleza lolote kuhusu koo lake. Ugonjwa ni mmoja, njia ya kuufikia si moja. Kinachojulikana kwa upande wa Kenya ni cha jikoni zaidi: utafiti uliofanywa Eldoret ulihusisha unywaji wa vinywaji vya moto sana na saratani ya umio, na tangu mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Chai inayopulizwa kabla ya kunywewa haijapoa vya kutosha. Pombe na tumbaku, bila shaka, haziachi koo la mtu yeyote salama.

Kuhusu jeni za ukarabati zenyewe, utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake 1,136 wenye saratani ya matiti na kukuta hitilafu za kurithi kwa asilimia 14.7, zile za BRCA1 zikiwa ndizo nyingi, kinyume na China. Idadi kama hiyo inatosha kuondoa dhana kwamba haya ni mambo ya Wazungu na Waasia.

Kwenye kliniki

Kipimo cha jeni za kurithi hakifanywi katika kila hospitali, na gharama yake si ndogo. Kinachoweza kufanywa katika zahanati yoyote, bila kulipa, ni kueleza ukoo. Mhudumu atataka kujua ni nani aliyeugua, saratani ya wapi, na hasa alikuwa na umri gani ilipogunduliwa. Saratani ya utumbo kabla ya miaka 50, ya matiti kwa msichana wa miaka 30, ya matiti kwa mwanamume, ya ovari kwa yeyote, au utumbo na mji wa mimba kwa mtu mmoja, ni habari ya kumfanya daktari aandike rufaa. Upande wa baba huulizwa sawa na wa mama. Wengi huusahau, wakidhani saratani ya matiti hupita kwa wanawake tu.

Anayepimwa hupokea moja kati ya majibu matatu. Inaweza kuonekana hitilafu inayojulikana kuleta saratani. Hapo ndugu zake hupimwa kosa hilo moja tu. Inaweza kukosekana kabisa. Jibu la tatu ndilo linalowachanganya watu wa Asia na Afrika kuliko wa Ulaya: limeonekana badiliko, ila haijulikani kama lina madhara, kwa sababu halijawahi kuonekana kwa watu wa kutosha. Jibu hili si ugonjwa wala si usalama. Hakuna anayepaswa kukatwa kiungo kwa ajili yake, na mgonjwa anapaswa kuuliza tena baada ya miaka michache, kwani mabadiliko mengi ya aina hiyo yaliyowatia Wachina wasiwasi zamani yalikuja kuonekana kuwa tofauti za kawaida baada ya watu wengi zaidi kusomwa.

Mtu wa familia yenye hitilafu iliyothibitishwa, akipimwa na kukutwa hana, hana cha kuwarithisha wanawe kwa upande huo, na kolonoskopi za kila mwaka kwake hukoma. Aliye nayo huanza zake mapema. Katika hali zote mbili, barua ya hospitali ya marehemu mzazi, hata iliyochakaa na kukunjwa, ikitaja kiungo na mwaka, humsaidia daktari kuliko simulizi ndefu. Ibebwe kliniki jinsi ilivyo.